Mkono Hufundishwa Kabla ya Kalamu

Mkulima wa kando ya Mto Tana ajua kwamba mche wa kitunguu haupelekwi shambani mara uchipuapo. Hukaa kitaluni majuma 6 hadi 8 mpaka upate nguvu. Mkono wa mtoto pia una kitalu chake, nacho ni nyumbani.

Nilipokuwa mwalimu nilikuwa na mtoto wa darasa la kwanza ambaye kalamu ilimponyoka kila mara. Wenzake walimwita mvivu, na mimi nilidhani hivyo. Siku moja nilimpa mkasi, akashindwa hata kuufungua. Ndipo nilipotambua kwamba vidole vyake havijapata nguvu. Alikuwa karibu kuichukia shule kwa kosa lisilo lake.

Kukata kwa mkasi ni zoezi zuri. Mkono mmoja hufungua na kufunga, wa pili hushika karatasi, na jicho huongoza yote miwili. Wafugaji wetu wajua kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Lakini usianze na mkasi. Mtoto wa miaka 2 apewe unga wa chapati aukande, udongo wa mtoni aufinyange, na karatasi kuukuu azichane. Mama anayesuka mkeka ampe miaa michache, naye ajaribu.

Akifika miaka 3, fuata njia hii:

1. Tafuta mkasi mdogo wenye ncha butu lakini unaokata vizuri. Mkasi usiokata humvunja mtoto moyo.

2. Mtoto aketi. Kidole gumba kiingie tundu la juu na kuelekea juu, na kiwiko kikae karibu na mbavu.

3. Mpe ukanda mwembamba wa karatasi ngumu, kama ya boksi la majani ya chai, ukatike kwa pigo moja.

4. Karibu na miaka 4, mchoree mstari ulionyooka. Karibu na miaka 5, duara. Hapa ageuze karatasi, si mkono wenye mkasi.

Dakika 10 kwa siku zatosha. Mzazi awe karibu, na kazi ikiisha mkasi uwekwe juu. Wembe na kisu si badala ya mkasi.

Mtoto atumiaye mkono wa kushoto asipigwe. Adabu ya kula kwa mkono wa kulia afundishwe penye sinia. Wakati wa kukata aachwe atumie mkono wake. Mkasi wa kawaida umetengenezwa kwa mkono wa kulia. Ukishikwa kwa kushoto, ubapa wake huficha mstari na karatasi hujikunja. Kosa ni la mkasi, si la mtoto; atafutiwe mkasi wa kushoto.

Kwa Katiba ya 2010, elimu ya awali ni kazi ya serikali za kaunti, na watoto wa miaka 4 na 5 wana madarasa yao. Hata hivyo, mzazi asingoje shule, hasa yule anayehama na mifugo kutafuta malisho. Unga, udongo na miaa havihitaji darasa. Mtoto aliyezoezwa hivyo atashika kalamu ya mti juu ya loho ya duksi, na kalamu ya shule, bila hofu. Na kesho atapogoa miembe yenu kwa mkono usiotetemeka.