Mota isiyo na sumaku: Chuma rahisi, kisanduku ghali

WENYE mashine za kusaga na kukoboa wa Maisaka, mjini Babati, huwa na maswali matatu wanaponunua mota: ina nguvu kiasi gani, inauzwa bei gani, na ikiungua fundi wa kuwaindi ataweza kuifufua? Kwa mota ya riluktansi ya swichi, ambayo wauzaji wa nje huisifu kwa matumizi madogo ya umeme, maswali hayo hayatoshi. Sehemu inayoonekana ya mota hiyo ni rahisi kutengeneza. Fedha ya mnunuzi huishia kwenye kisanduku cha elektroniki kinachoiongoza.

Rota yake ni chuma chenye meno, basi. Haina sumaku wala waya. Koili za shaba ziko kwenye steta peke yake. Koili mbili zinazotazamana zikipewa umeme, jino la chuma lililo karibu huvutwa hadi lilingane nazo, kama msumari unavyofuata sumaku. Umeme hukatwa hapo, jozi ya pili huwashwa, jino jingine huvutwa, na rota huzunguka.

Kazi ngumu ni kulenga wakati. Umeme ukichelewa kukatwa, jino likishapita mahali pake koili hulivuta kurudi nyuma. Mota hujifunga breki yenyewe huku uniti za LUKU zikiendelea kuliwa. Katika mota yenye meno 6 ya steta na 4 ya rota, koili huwashwa mara 12 kwa kila mzunguko. Kwa kasi ya mizunguko 1,500 kwa dakika, hiyo ni mara 300 kwa sekunde, na rota hupita digrii moja kwa muda wa sehemu moja ya 9,000 ya sekunde. Hakuna stata ya kawaida inayoiweza kazi hiyo, na ndiyo sababu mota hii haiungwi moja kwa moja kwenye umeme wa njia tatu.

Aidha, kisanduku hakina budi kujua mvuto utakuwa kiasi gani. Mkondo ukiongezwa mara mbili, mvuto huongezeka mara nne. Lakini hesabu hiyo huenda hadi chuma kinaposhiba usumaku. Kikishashiba, umeme wa ziada huleta mvuto mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Na mota hizi, ili zitoe nguvu nyingi kwa umbo dogo, huendeshwa makusudi zikiwa zimeshiba. Kanuni moja haitoshi tena. Wahandisi hupima au kukokotoa kwa kompyuta hali ya kila mkao wa rota kwa kila kiasi cha mkondo, wakapata jedwali ambalo huwekwa ndani ya kisanduku.

Kwa kasi ndogo kisanduku hukata na kurudisha umeme haraka haraka ili mkondo usizidi kiwango. Kwa kasi kubwa nafasi ya kufanya hivyo haipo, hivyo huwasha koili mapema zaidi, kabla jino halijafika, na kuizima kabla halijalingana. Jedwali likiwa baya, mota hutoa nguvu kwa kushtuka-shtuka na kupiga kelele. Kelele ni sifa mbaya ya siku nyingi ya mota hizi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mskoti Robert Davidson alijaribu kichwa cha treni cha namna hii mwaka 1842, lakini hakukuwa na swichi ya kufaa. Transista zilipopatikana, Peter Lawrenson na wenzake wa Leeds, Uingereza, walianzisha kampuni yao mwaka 1980, ambayo Emerson ya Marekani iliinunua mwaka 1994.

Je, inamlipa msagishaji? Mota ya kilowati 22 ya daraja la ufanisi IE1 hutumia umeme vizuri kwa asilimia 89.9, na ya IE4 kwa asilimia 94.5. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa 6 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, tofauti ni karibu uniti 179. Si haba. Hata hivyo kinu cha mahindi huzunguka kwa kasi ile ile kutwa, na mota ya kawaida ya daraja la juu inaweza kuleta nafuu hiyo bila kisanduku chochote. Mota ya swichi hupata soko lake pale kasi inapobadilika kila mara, kama kwenye feni kubwa, pampu na magari.

Hapo ndipo inapowahusu pia wanaofuatilia madini. Mota nyingi za magari ya umeme hutumia sumaku za neodimiamu, na China ilipobana mauzo ya nje mwaka 2010, bei ya madini hayo iliruka mwaka 2011 kisha ikaporomoka. Tanzania inayo Ngualla, mkoani Songwe, iliyopewa leseni maalumu ya uchimbaji mwaka 2023, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Mwezi Mei 2025 Shenghe ya China ilitangaza makubaliano ya kuinunua Peak, kampuni ya Australia yenye mradi huo. Mwekezaji anayedhani bei ya sumaku inaweza kupanda bila kikomo aikumbuke mota hii, kwani kila sumaku inapopanda bei, watengenezaji huitazama upya.

Kwa mnunuzi wa Maisaka, fundi wa mtaani anaweza kuwaindi koili hizo, pengine kwa urahisi kuliko za mota ya kawaida. Kisanduku kikiungua, inveta ya kawaida ya dukani haiwezi kushika nafasi yake, na cha mota nyingine huwa na jedwali la mota nyingine. Bei ya kisanduku cha akiba, na siku kitakazochukua kufika Babati, ziulizwe kabla ya kulipa.