Mwenye Hamu na Mwenye Kujua: Nani Apewe Kazi?

Siku hizi vijana wetu wamefunzwa kuandika katika barua za kuomba kazi kwamba wana shauku kubwa ya kazi ile. Na baadhi ya matajiri husema wazi kuwa shauku ndiyo waitakayo, kwani ujuzi, wasema, hufunzika. Maneno haya ni matamu masikioni. Twataka tuyapime, kwa kuwa nyumba nyingi za Waislamu zina mwana atafutaye kazi, na nyingine zina duka, au jahazi, au madrasa ya kusimamia.

Mwaka 622, Mtume (s.a.w.) na Sayyidna Abubakar walipohama Makka, walihitaji mtu wa kuwaongoza njia. Bibi Aisha, katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari, ametueleza kuwa walimwajiri mtu wa Bani Dil, hodari wa kuijua njia, naye alikuwa angali katika dini ya Makuraishi. Wanahistoria humtaja kwa jina la Abdullah bin Uraiqit. Wakampa ngamia wao wawili, wakaagana wakutane kwenye pango la Thaur baada ya masiku matatu. Natufikiri hapo. Masahaba waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya Mtume hawakukosekana, walakini mapenzi yao yasingewaonyesha njia ya pwani wasiyoijua. Akachukuliwa ajuaye. Tena si hilo tu: Makuraishi walikuwa wameahidi ngamia 100 kwa atakayemleta Mtume, na mtu yule alilijua pango. Akanyamaza, akaja na ngamia kwa miadi.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Huiona shauku wakadhani ni amana. Shauku huonekana siku ya kwanza, usoni na ulimini. Amana haionekani mpaka mwenye kazi awe hayupo. Yule binti wa Madyan, alipomshauri babake amwajiri Nabii Musa (Suratul Qasas, aya ya 26), alitaja nguvu na uaminifu. Nabii Yusuf, alipoomba kuwekwa juu ya hazina za Misri, alitaja kuhifadhi na kujua. Hakusema kuwa anayapenda maghala. Na maneno ya adhana aliyaona Abdullah bin Zaid katika ndoto. Nani basi angekuwa na hamu ya kuadhini kuliko yeye? Mtume akamwamuru amfundishe Bilal, kwa kuwa Bilal alikuwa na sauti bora zaidi.

Sisi waalimu wa madrasa jambo hili twalijua kwa karibu. Kamati humpata kijana mwenye bidii ya dini, mwenye machozi akisikia Qur'ani, ikampa watoto 40. Kijana huyo hatofautishi qaf na kaf. Basi watoto husoma kalb, naye ni mbwa, mahali pa qalb, nao ni moyo; na ulimi uliozoea hivyo ni taabu kuunyosha kuliko ulimi usiofunzwa kitu. Mzazi hajui, kwa maana mwalimu anapendeza. Wala hatumsifu yule mwingine, mwenye tajwidi kamili, ajaye saa moja nyuma na fimbo mkononi. Huyo ana nguvu pasipo uaminifu, na kumwondoa ni wajibu vilevile.

Mtu atauliza: amana nitaijuaje kabla sijamwajiri? Yasimuliwa kuwa Sayyidna Umar alimwuliza mtu aliyemsifu mwenziwe: Je, umekuwa jirani yake? Umesafiri naye? Umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Tajiri wa leo aweza kuuliza hayo kwa waliofanya kazi na mwombaji. Na ujuzi wapimika papo hapo: mwalimu asome mbele ya ajuaye, fundi apewe kitambaa akate.

Je, kijana mwenye hamu asiyejua arudishwe mlangoni? La, hasha. Aingizwe, ila aingizwe kama mwanafunzi wa kazi, si kama fundi, na mshahara wake uwe wa mwanafunzi. Mafundi cherehani wetu walilijua hili bila ya kusoma kitabu: mwana alianza kwa kufagia vipande na kutia nyuzi sindanoni, akafuatia vifungo, kisha pindo. Shingo ya kanzu hakupewa mpaka fundi aridhike na mkono wake.