Siku niliyoning'inia juu ya bonde kwa ajili ya mwanangu

Na MWANDISHI WETU

KUNA maneno ambayo kila mama huyatamka hata kabla hajafikiri: "Shuka hapo! Utaanguka!"

Mimi nimeyatamka mara zisizo na idadi tangu likizo ya Agosti 2022, wakati kifungua mimba wangu alipoanguka kutoka juu ya mpera nyumbani kwa nyanya yake huko Murang'a na kuvunjika mkono. Plasta ilitolewa baada ya wiki sita, lakini maneno yangu yalimkaa moyoni.

Niligundua hayo siku ya wazazi shuleni. Mwalimu wake wa darasa alinivuta kando akaniambia kwamba wenzake wanapokwea vyuma vya kuchezea uwanjani, yeye huketi chini ya mti akiwashikia sweta. Alipoulizwa sababu, alijibu, "Mama amesema nitaanguka."

Msomaji, nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimenyong'onyea. Mtoto nilidhani ninamlinda, kumbe ninamfunga.

Basi Agosti 2024 ilipofika, pesa tulizokuwa tukidunduliza katika chama kwa miaka miwili zilitutosha kwenda likizo. Mimi, Baba Watoto, kijana huyo aliyekuwa na umri wa miaka 12 na dada yake wa miaka saba tuliabiri ndege hadi Mauritius, kisiwa kilichoko katika Bahari ya Hindi, mwendo wa takriban saa nne kutoka Nairobi.

Nchi ya miwa na milima

Wengi wetu tukisikia Mauritius hufikiria mchanga mweupe na maji ya buluu. Hayo yapo. Lakini ukiingia ndani utakutana na mashamba ya miwa yasiyo na mwisho, na katikati ya miwa hiyo marundo ya mawe meusi. Kisiwa hicho kilitokana na volkano, na mawe hayo yalikusanywa kwa mikono ya watumwa na vibarua ili miwa ipate kupandwa.

Watu wake ni mchanganyiko wa ajabu. Kisiwa hakikuwa na wenyeji Waholanzi walipofika mwaka wa 1598. Wafaransa walifuata, kisha Waingereza wakakitwaa mwaka wa 1810. Watumwa waliletwa kutoka Madagascar, Msumbiji na sehemu nyingine za Afrika Mashariki, na kuanzia mwaka wa 1834 wakaja vibarua kutoka India. Ndiyo maana utamwona mtu anayefanana kabisa na jirani yako wa Mombasa akizungumza Krioli na kula chapati laini ya dengu waiitayo dholl puri.

Siku ya nne ya likizo yetu tulikodi gari hadi Chamarel, kijiji kilichoko milimani kusini-magharibi mwa kisiwa, ambako watalii huenda kutazama ardhi yenye rangi saba na maporomoko ya maji. Njiani, barabara inapopanda kwa kona kali, tuliuona mlima Le Morne ukiwa umesimama kando ya bahari. Humo ndimo walimojificha watumwa waliotoroka mabwana zao, na tangu mwaka wa 2008 umekuwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia.

Hatukuwa na mpango wa kuruka popote. Ni Baba Watoto aliyeona kibao cha bustani moja kikionyesha mtu akipaa juu ya miti. "Hapa ndipo pa kumtibu huyu kijana," akasema. Nilipomwuliza kama naye atapanda, alimtazama binti yetu kwa huruma nyingi na kusema kwamba mtu lazima abaki na mtoto. Wanaume ni wajanja!

Waya, kapi na mvuto wa dunia

Mchezo wenyewe unaitwa ziplaini. Ni waya mnene wa chuma uliofungwa kutoka sehemu ya juu hadi sehemu ya chini, aghalabu juu ya bonde au msitu. Mtu huvalishwa mikanda kiunoni na mapajani, kisha huning'inizwa kwenye kapi lenye magurudumu yanayopita juu ya waya huo. Hakuna injini. Mvuto wa dunia ndio unaomsukuma.

Wala si jambo geni. Katika bonde la mto Nu huko Uchina, wanavijiji walivuka mto kwa njia kama hiyo kwa miaka mingi, wakiwa na mizigo na hata mifugo, kwa kukosa madaraja. Huko Costa Rica, miaka ya 1970, wanasayansi walitumia kamba kuvifikia viumbe wanaoishi vileleni mwa miti mirefu. Watalii walikuja baadaye.

Jambo la kwanza tulilofanyiwa ni kupimwa uzani, tena mbele ya umati. Mwanangu alikuwa na kilo 34. Zangu zilipotangazwa, nilijifanya sikusikia. Lakini kipimo hicho si mzaha: mikanda na breki zina kiwango chake, na mtoto mwepesi mno hakubaliwi. Binti yetu hakufikisha uzani, jambo lililompa baba yake sababu aliyokuwa akiitafuta.

Tulivalishwa kofia ngumu na mikanda. Kijana mmoja mwelekezi alitufundisha: keti kana kwamba uko kitini, inua miguu unapofika, na kamwe usiushike waya mbele ya kapi, kwa maana vidole vitasagwa. Alituonyesha kamba mbili zinazokushikilia, ili moja ikikatika nyingine ikuauni. Kisha akakagua kila kulabu kwa kuivuta, na kwenye jukwaa mwenzake akazikagua zote upya.

"Siwezi, Mama"

Jukwaa la kwanza lilikuwa la mbao, limejengwa ukingoni mwa bonde. Agosti ni majira ya baridi huko, na upepo wa kusini-mashariki ulikuwa ukivuma. Chini yetu niliona vilele vya miti na mto mwembamba kama uzi. Ndege weupe wenye mikia mirefu walikuwa wakipita chini ya miguu yetu. Msomaji, sijawahi kumwona ndege mgongo akiwa angani!

Mwanangu alitazama chini, akanishika mkono. "Mama, siwezi. Nitaanguka."

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, yakinirudia kwa sauti ya mtoto.

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna cha kuogopa. Lakini magoti yangu yalikuwa yakigongana, na mtoto ana macho. Ilinibidi niseme kweli. "Hata mimi ninaogopa," nikamwambia. "Ona mikono yangu. Nitatangulia. Ukiniona nimefika, uamue mwenyewe. Ukikataa, utateremka kwa miguu na huyu kaka, wala sitakuuliza neno."

Mwelekezi alitabasamu, akaniambia kwa Krioli, "Pa per." Yaani, usiogope. Nilifumba macho, nikaketi ndani ya mikanda, naye akaniachilia.

Nilipiga mayowe, siwezi kukanusha. Kapi lililia juu ya kichwa changu kama nyuki elfu. Kisha nikafumbua macho, na mayowe yakakoma. Bonde lote lilikuwa wazi chini yangu, na mbali kabisa bahari ilikuwa iking'aa. Kabla sijashiba kutazama, breki ilinikamata na mwelekezi wa pili akanivuta jukwaani.

Nikageuka. Ng'ambo ya bonde mwanangu alionekana mdogo kama kifaranga. Dakika moja ilipita, kisha nyingine. Watu wawili waliokuwa nyuma yake walipewa nafasi, wakaja. Nilianza kujilaumu. Ndipo nikaiona kofia ya manjano ikisogea hadi ukingoni, na kofia hiyo ikaja.

Alikuja kimya, macho wazi. Lakini zikiwa zimesalia mita kama 10 hivi, mwendo ulipungua, akasimama, kisha akaanza kurudi nyuma polepole hadi akatulia pale waya ulipolegea, juu ya bonde!

Wanafunzi wa fizikia wataelewa. Waya hulegea kidogo kutokana na uzani wake, hivyo mwisho wa safari ni kama kupanda kilima kidogo. Mtu mzito hubebwa na kasi yake. Mtoto mwepesi, akikutana na upepo wa mbele, huishiwa na mwendo kabla ya kufika. Hakuna hatari, kwa kuwa mikanda bado imemshika, na waelekezi wamezoea kumwendea mtu na kumvuta.

Mimi sikuyajua hayo wakati huo. Nilifungua kinywa kupiga kelele. Mwelekezi aliinua mkono kuninyamazisha, akamwita mwanangu kwa upole: "Geuka, unipe mgongo. Sasa shika waya, ujivute mkono kwa mkono."

Kijana aligeuka. Akaanza kujivuta, kwa mkono ule ule uliovunjika na ule mzima. Alipumzika mara mbili. Mwelekezi alikuwa tayari kumwendea, lakini hakuhitajika. Nyayo zake zilipogusa mbao, uso wake ulikuwa umelowa jasho. Hakunikumbatia. Aliuliza tu, "Zimebaki ngapi?"

Zilikuwa zimebaki nne. Tulizimaliza zote, na ile ya mwisho yeye ndiye aliyetangulia.

Kabla hujampeleka wako

Mzazi, si lazima uende ng'ambo. Hapa kwetu, katika msitu wa Kereita karibu na Kimende, kaunti ya Kiambu, kuna mchezo huo huo, tena si mbali na Nairobi. Popote uendako, hakikisha mmepimwa uzani, kamba ni mbili na wala si moja, na waelekezi wanakagua kila mtu kabla ya kumwachilia. Vaa viatu vilivyofunikwa, funga nywele, toa simu mfukoni. Wingu la radi likitanda, rudi nyumbani hata kama umelipa. Na mtoto akisema hataki baada ya kuona, msimsukume wala msimcheke.

Desemba 2024 tulienda Murang'a kwa Krismasi. Nikiwa jikoni na mama yangu tukimenya viazi, nilisikia matawi yakitikisika nje. Nilichungulia dirishani. Kijana alikuwa juu ya mpera ule ule.

Maneno yalinijia hadi kwenye ncha ya ulimi. Niliyameza. Nikamwita, "Kanyaga tawi nene, na utuletee yaliyoiva."

Alituletea sita. Mawili yalikuwa mabichi, lakini tuliyala.