Pedeli ya Breki Inapozama: Kazi Ambayo Mwenye Motokaa Aweza Kuifanya Nyumbani

Barabara iteremkayo kutoka Limuru mpaka Mai Mahiu ni nzuri kutazamwa, lakini si ya kuchezewa. Wafungwa wa vita wa Kiitaliano walioijenga waliacha kando yake kanisa dogo, la mwaka wa 1942, na hata leo malori yenye mizigo mizito hupita mbele yake. Dereva ashukaye hapo huweka maisha yake, na ya watu aliowachukua, chini ya mguu wake wa kulia. Breki zikiwa nzima, hafikiri neno. Pedeli ikizama mpaka sakafuni, hana tena nafasi ya kufikiri.

Kazi ya silinda kuu

Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka wa 1662, alionyesha ya kuwa maji yaliyofungiwa mahali yakisukumwa upande mmoja, msukumo huo huenea sawasawa pande zote. Breki za motokaa zafuata kanuni iyo hiyo. Mguu husukuma pedeli, pedeli husukuma pistoni iliyo ndani ya silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta silinda, na mafuta ya breki hupeleka nguvu hizo katika kila gurudumu.

Pistoni hiyo ina mipira izuiayo mafuta yasirudi nyuma. Mipira ikichakaa, dalili huonekana. Pedeli ikishikiliwa kwa mguu huzama polepole, ingawa hakuna mahali panapovuja. Au mafuta hupungua katika kopo lake, na unyevu huonekana nyuma ya silinda. Mwenye kuona dalili hizo asiiendeshe motokaa hiyo hata kwenda dukani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuifungua ya zamani

Motokaa na isimame mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe au mbao. Mafuta ya zamani yavutwe kutoka katika kopo kwa bomba la sindano. Yafaa kufunika rangi ya gari kwa matambara, maana mafuta ya breki huibabua. Yakidondoka, yaoshwe upesi kwa maji mengi.

Nati za mabomba zifunguliwe kwa spana izikamatayo barabara, kwa kuwa spana iliyolegea huharibu pembe za nati. Midomo ya mabomba izibwe ili vumbi lisiingie. Kisha nati zinazoishika silinda zifunguliwe, nayo itolewe. Kabla ya kuitupa, ilinganishwe na mpya: upana wa tundu, idadi ya njia za mafuta, na kina cha mahali kijiti cha pedeli kinapoingia. Vikitofautiana, mpya hiyo irudishwe dukani.

Silinda mpya haifungwi ikiwa kavu. Ibanwe kwanza katika jiliwa, itiwe mafuta mapya, na mipira miembamba itoke katika njia zake na kurudi ndani ya kopo. Pistoni isukumwe polepole kwa kijiti butu mpaka mapovu yaishe. Wakati wa kuifunga garini, nati za mabomba zianzwe kwa vidole kabla ya kukaza kitu cho chote, ili meno yasipishane.

Kutoa upepo

Mafuta hayabanwi yakapungua, bali upepo hubanwa. Kwa hiyo povu moja ndani ya bomba hula nguvu za mguu. Kazi hii yataka watu wawili: mmoja kwenye pedeli, wa pili gurudumuni akiwa na spana, mpira mwembamba wa kuonekana ndani, na chupa yenye mafuta kidogo ambamo ncha ya mpira huzamishwa. Gari likiinuliwa, lisiachwe juu ya jeki peke yake. Liwekewe vigingi imara.

Katika magari mengi kazi huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda. Kwa magari ya Kenya, yenye usukani kulia, hilo huwa gurudumu la nyuma kushoto. Kisha la nyuma kulia, la mbele kushoto, na mwisho la mbele kulia. Lakini magari mengine yana taratibu nyingine, basi kitabu cha gari ndicho kifuatwe.

Aliye gurudumuni husema, "Kanyaga, ushikilie." Ndipo hufungua kiskurubu cha kutolea upepo, mafuta na mapovu hutoka, na pedeli huzama. Hukifunga kwanza, kisha husema, "Achia." Utaratibu huo usigeuzwe, kwani pedeli ikiachiwa kabla kiskurubu hakijafungwa, upepo huvutwa ndani tena. Kopo liongezwe mafuta mara kwa mara, lisikauke kamwe.

Mafuta yapasayo

Mafuta yawe ya namna iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo, kutoka katika chupa isiyopata kufunguliwa. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Sentigredi, lakini hunyonya unyevu wa hewani, na yakiisha kulowana yaweza kuchemka kwa nyuzi 155. Yakichemka kwenye mteremko mrefu, mvuke hufanya kama upepo, na pedeli huzama. Mafuta ya injini yasitiwe kamwe, maana huvimbisha mipira yote. Wala mafuta ya breki yasiwekwe katika chupa ya soda. Ni sumu, na mtoto hawezi kujua.

Kujaribu

Pedeli na ikanyagwe kwa nguvu kwa muda wa dakika moja. Ikisimama juu na kuwa ngumu, na pasipo tone lo lote kwenye viungo, gari lijaribiwe polepole uwanjani kabla ya kutoka barabarani. Pedeli ikiwa bado laini kama sifongo, upepo umebaki, na kazi irudiwe. Magari yenye breki za ABS huenda yakahitaji chombo cha gereji ili upepo wote utoke. Hayo yapelekwe kwa fundi, na asiyekuwa na hakika ya kazi yake afanye vivyo hivyo. Malipo ya fundi hayalingani na gharama ya mteremko mmoja bila breki.