Sauti ya Mungu na maneno ya mzee wa Betheli (Sehemu ya Tatu)

Samweli, tuliyemwangalia katika sehemu ya kwanza, alikuwa bado haijui sauti iliyomwita usiku pale Shilo. Sauli, tuliyemwangalia wiki iliyopita, aliijua vizuri, lakini alilitii agizo nusu, akabakiza kondoo wanono pamoja na mfalme Agagi. Leo tunamfikia mtu wa tatu, ambaye Biblia haikututajia hata jina lake. Huyu alisikia, akaelewa, akatii mbele ya mfalme, kisha akapotezwa na mtumishi mwenzake akiwa njiani kurudi kwao. Habari zake zimo katika 1 Wafalme 13. Ni sura ndefu na ngumu ambayo wahubiri wengi huiruka, nami naamini ni vigumu kupata sura inayohitajika zaidi katika makanisa yetu ya Afrika Mashariki wakati huu.

Tuanze na mazingira. Baada ya Sulemani kufa ufalme uligawanyika, na Yeroboamu akachukua makabila kumi ya kaskazini. Aliogopa kwamba watu wake wakiendelea kupanda Yerusalemu kutoa dhabihu, mioyo yao ingeirudia nyumba ya Daudi. Akatengeneza ndama wawili wa dhahabu. Mmoja alimweka Dani, kaskazini kabisa. Mwingine Betheli, mji usiofika kilomita 20 kutoka Yerusalemu, mahali ambapo msafiri wa kwenda hekaluni angepapitia. Akateua makuhani wasio wa ukoo wa Lawi, akaanzisha sikukuu siku ya 15 ya mwezi wa nane, tarehe aliyoibuni mwenyewe. Dini hiyo ilifanana sana na ile ya Yerusalemu. Ilikuwa na madhabahu, uvumba, makuhani na sikukuu. Kilichokosekana ni agizo la Mungu.

Ndipo akatokea mtu wa Mungu kutoka Yuda. Alimkuta Yeroboamu amesimama penye madhabahu akifukiza uvumba, na maneno yake hakuyaelekeza kwa mfalme bali kwa madhabahu yenyewe: katika nyumba ya Daudi atazaliwa mtoto aitwaye Yosia, na mifupa ya watu itateketezwa juu yake. Ishara yake ni kwamba madhabahu itapasuka na majivu yatamwagika. Mfalme akanyoosha mkono kuamuru mtu huyo akamatwe; mkono ukakauka, akashindwa kuurudisha. Ikabidi amsihi yule yule aliyetaka kumkamata amwombee kwa Mungu, na mkono ukapona. Hapo mfalme akabadili maneno: karibu nyumbani, upumzike, ule, nikupe zawadi. Mtu wa Mungu akakataa. Hata angepewa nusu ya nyumba ya mfalme asingeingia, kwa kuwa alikuwa ameagizwa asile chakula mahali pale, asinywe maji, wala asirudi kwa njia aliyojia.

Agizo la chakula halihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa kwetu. Kula na mtu ni kupatana naye. Watu walioshuhudia madhabahu ikipasuka mchana, kama jioni wangemwona mjumbe huyo anamega mkate na wenyeji wa Betheli, wangejua kwamba mambo yameshamalizwa kindugu na kwamba hukumu ile ilikuwa maneno tu. Kutokula kwake kulikuwa sehemu ya ujumbe wenyewe.

Betheli palikuwa na nabii mzee. Wanawe walimsimulia yote yaliyotendeka siku ile. Hatusikii kwamba yeye aliwahi kutamka lolote dhidi ya ndama aliyewekwa mjini kwake, na kimya hicho kinanifikirisha kila ninapoisoma sura hii. Aliuliza mgeni ameshika njia ipi, akaamuru atandikiwe punda, akamfuata. Alimkuta ameketi chini ya mwaloni.

Pale chini ya mti ndipo panapostahili kutazamwa kwa utulivu. Mtu huyu alikuwa amefunga safari kutoka Yuda, amekabiliana na mfalme, na kwa agizo alilopewa hakuwa ameonja hata maji ya Betheli. Mzee alimkaribisha nyumbani ale. Mgeni akamjibu yale yale aliyomjibu mfalme, karibu neno kwa neno. Mzee hakubishana naye. Alisema kwamba na yeye ni nabii, na kwamba malaika amemwambia kwa neno la Bwana amrudishe mgeni ili ale na kunywa. Msimulizi anatuarifu papo hapo kwamba ulikuwa uongo. Mgeni hakuwa na wa kumwarifu. Akageuka, akarudi, akala, akanywa.

Mfalme alitoa mali akakataliwa. Mzee alitoa mkate na maji tu, lakini alivitoa kwa jina la Mungu na kwa cheo cha utumishi. Yeroboamu alijulikana kuwa adui, na mtu mwenye imani hujikaza mbele ya adui. Mbele ya mzee wa kiroho, mwenye lugha ile ile ya ibada, tunalegea. Tunaona ni utovu wa adabu kumuuliza mzee maswali. Na hasa tukiwa tumechoka, neno linalotuondolea mzigo tuliopewa na Mungu mwenyewe hutufikia kama rehema.

Wakiwa mezani, neno la kweli lilimjia yule mzee mwongo, akalitamka: mgeni hatazikwa katika kaburi la baba zake. Njiani simba akamuua. Wapita njia waliukuta mwili umelala barabarani, simba kando yake na punda kando yake. Simba hakuwa ameula mwili wala kumrarua punda, na kila aliyeona alijua hiyo si ajali ya porini. Mzee akaenda kumchukua, akamlilia kama ndugu, akamzika katika kaburi lake mwenyewe. Takriban miaka 300 baadaye Yosia alifika Betheli, akaibomoa madhabahu kama ilivyotabiriwa, akaona alama ya kaburi lile, akauliza ni la nani, akaamuru mifupa yake isiguswe (2 Wafalme 23).

Wengi huuliza kwa nini aliyedanganywa alikufa na aliyedanganya akabaki hai. Biblia haitoi sababu, nami sitajifanya kuijua. Ninachokiona ni kwamba mtu wa Yuda hakupungukiwa na kitu chochote cha kumwezesha kutii. Agizo alilipokea mwenyewe, lilikuwa wazi, na Mungu alikuwa amelithibitisha kwa ishara mbele ya macho yake siku ile ile. Kama Mungu alitaka kulibadilisha, angeweza kusema na yeye. Na kama mgeni alikuwa na shaka, palikuwa na nafasi ya kuomba pale pale chini ya mwaloni kabla ya kugeuza miguu. Hatusomi kwamba aliomba.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada la kundi lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, waliodai kupokea ujumbe kutoka mbinguni. Mwaka 2023 taifa la Kenya lilianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na miili iliyopatikana ikazidi 400, mingi ikiwa ya wanawake na watoto. Mhubiri Paul Mackenzie alifikishwa mahakamani kuhusu vifo hivyo, akakana mashtaka, na si kazi ya makala haya kumhukumu. Ninaowawaza ni waumini. Hawakwenda msituni kwa kuwa walimchukia Mungu. Walikwenda kwa sababu walitaka kumtii, na hakuna aliyewafundisha kumuuliza maswali mtu anayesema ametumwa na Mungu.

Hayo ni makubwa, yaliyofika kwenye magazeti. Madogo yako mitaani kwetu kila wiki. Mama mwenye presha anaambiwa kwenye mkesha kwamba Mungu amekwisha kumponya, aache vidonge. Kijana anamwendea binti wa kwaya na kumwambia ameonyeshwa kwenye maombi kuwa huyo ndiye mke wake, na binti anaogopa kukataa asije akamkataa Mungu. Familia inauza kiwanja ili kupanda mbegu, kwa kuwa mtumishi ameona kwenye maono baraka mara mia. Kila mmoja kati ya hawa alikuwa tayari na neno wazi: akili ya kutunza mwili, uhuru wa kuchagua mwenzi, wajibu wa kulisha watoto. Akaja mtu na malaika wake.

Maandiko hayatuachi bila kipimo. Kumbukumbu la Torati 18 linasema nabii ambaye neno lake halikutimia hakutumwa. Kipimo hicho watu wengi wanakijua. Kile cha sura ya 13 ya kitabu hicho hicho ndicho tunachokisahau, nacho kinakata zaidi: hata ishara ikitimia, hata muujiza ukionekana, mtu akikuvuta umwache Mungu na maagizo yake usimsikilize. Muujiza peke yake hauthibitishi mtu. Ningependa jambo hili lifundishwe kwa vijana wa kipaimara, kwa sababu mikutano mingi ya siku hizi hujengwa juu ya dhana iliyo kinyume chake.

Agano Jipya halijalegeza. Wayahudi wa Beroya walimsikiliza Paulo, kisha wakachunguza maandiko kila siku waone kama aliyosema ni kweli. Hawakuitwa waasi, Luka anawasifu. Paulo mwenyewe aliwaagiza Wakorintho kwamba manabii wawili au watatu wanene, na wengine wapime. Alipoona maono ya mtu wa Makedonia kule Troa, waliokuwa naye walishiriki kufikia uamuzi kwamba Mungu amewaita huko. Mfano ninaoupenda zaidi ni Agabo katika Matendo 21. Alichukua mshipi wa Paulo, akajifunga mikono na miguu, akaeleza yatakayompata mwenye mshipi huo Yerusalemu. Baada ya hapo Paulo alifanya uamuzi wake mwenyewe, akaenda. Agabo hakuishika dhamiri ya mwenzake. Mtu anayesema "Mungu ameniambia, kwa hiyo usiulize" hakujifunza kwa Agabo.

Hapa kwetu tuna urithi tunaoelekea kuupoteza. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akihudumu hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka rohoni, akakutana na Mganda Simeoni Nsibambi pale Namirembe. Walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Mambo kama hayo ndiyo yaliyouzaa uamsho uliosambaa kutoka Rwanda na Uganda hadi Bukoba na nyanda za juu za Kenya. Ndugu wa uamsho huo waliamini kabisa kwamba Mungu anasema na mtu. Lakini aliyedhani ameongozwa kuoa au kuhama alitarajiwa kuliweka jambo lake nuruni, mbele ya ndugu, nao walimhoji. Ni kweli kwamba ushirika huo wakati mwingine ulizidi mipaka, ukawabana watu hata katika mambo yasiyo na amri. Hata hivyo mtu mmoja hakuachiwa kumiliki sauti ya Mungu peke yake.

Na gharama ya utii wao waliilipa wenyewe. Katika miaka ya hali ya hatari nchini Kenya, kuanzia Oktoba 1952, wengi wao katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, kwa imani kwamba wamekwisha kufungwa na damu ya Kristo. Wengi walikataa pia kubeba bunduki za serikali ya kikoloni. Walishukiwa na pande zote mbili, na baadhi waliuawa. Hapa napata kipimo ambacho hunisaidia kuliko vingine: mtu aliyesikia sauti ya Mungu kwanza hutoa cha kwake. Ukiona sauti inayomneemesha msemaji na kuwafilisi wasikilizaji, una sababu ya kutosha ya kusubiri.

Kwa hiyo nakusihi, msomaji. Ikiwa uliacha dawa kwa neno la mtu yeyote, rudi hospitali kesho asubuhi. Mungu anayeponya haoni haya kuonana na daktari. Ikiwa umeambiwa uuze kitu, omba muda, usome, umwone padri au mchungaji unayemfahamu, na ukae na mwenzi wako kabla ya kutia sahihi. Mtumishi wa kweli hatakukasirikia kwa kuuliza. Wiki ijayo tutasoma Yeremia 28, ambapo manabii wawili walisimama hekaluni na kusema maneno yanayopingana, wote wawili kwa jina la Bwana. Isome kabla ya siku hiyo.