Msaada Wenye Kamba: Ujerumani Mbili na Tanzania

Tunapowasimulia wanetu habari za Vita Baridi, huwatajia Marekani na Urusi ya Kisovieti tu, kana kwamba mashindano yale ya zaidi ya miaka 40 hayakubisha hodi kwetu. Yalibisha.

Mwaka 1949 Ujerumani iligawanyika: Magharibi upande wa Marekani, Mashariki upande wa Wasovieti. Baadaye serikali ya Magharibi, iliyokaa Bonn, iliweka sharti: dola itakayoitambua Mashariki ingeweza kukatiwa uhusiano.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, nayo ikaleta wataalamu na msaada wa kujenga nyumba. Aprili ukaja Muungano. Taifa moja likajikuta na marafiki wawili wasioketi jamvi moja.

Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya kati: ubalozi mdogo wa Mashariki ufunguliwe Dar es Salaam, bila kuitambua dola yenyewe. Bonn haikuridhika, mwaka 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu akaitaka iondoe na misaada mingine ya kiserikali.

Kwa nchi changa na maskini, hasara ile haikuwa ndogo. Lakini kama angenyamaza, sera ya nchi ingeandikwa Bonn.

Ujerumani Mashariki ilitoweka mwaka 1990. Majumba ya Michenzani yangali na wakaazi. Nasi tuwafundishe wanetu kuuliza: mkono mmoja unapotoa, wa pili umeshika nini?