Tuzo zinazowainua wanasayansi chipukizi wa taaluma ya nuru

MWANASAYANSI anaweza kufanya ugunduzi mkubwa katika ujana wake, ila heshima kuu ikamfikia akiwa mkongwe. Pengo hili ndilo linalozibwa na tuzo za utafiti zilizotengewa wanasayansi chipukizi.

Hali hii inadhihirika katika optiki ya kwanta. Hili ni tawi la fizikia linalochunguza nuru kama chembechembe ziitwazo fotoni, na jinsi fotoni hizo zinavyoathiriana na atomu. Saa za atomu zenye usahihi mkubwa na kompyuta za kwanta zinazoendelea kuundwa hutegemea elimu hii.

Mnamo 1970, Arthur Ashkin wa Marekani alionyesha kwamba nuru ya leza inaweza kusukuma na kunasa chembe ndogo mno. Mwaka wa 1986, yeye na wenzake walifaulu kuishika chembe kwa mwale mmoja tu, mbinu iliyokuja kujulikana kama kibano cha nuru. Alitunukiwa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2018, akiwa na umri wa miaka 96. Alifariki miaka miwili baadaye.

Waliouendeleza uvumbuzi huo hawakulazimika kungoja kiasi hicho. Hannes Bernien, Manuel Endres, Adam Kaufman, Kang-Kuen Ni, Hannes Pichler na Jeff Thompson walitunukiwa kwa pamoja tuzo ya New Horizons in Physics ya mwaka wa 2023. Wanafizikia hao walitambuliwa kwa kustawisha mbinu ya kupanga vibano vya nuru kwa safu, kila kimoja kikishika atomu moja. Tuzo hiyo ina zawadi ya dola 100,000 za Marekani, ambazo ni zaidi ya Sh12 milioni.

Kila tuzo ina kipimo chake cha ujana. Tuzo ya Rabi, inayotolewa na Chama cha Fizikia cha Marekani, huhesabu miaka 10 tangu mtafiti apate shahada ya uzamifu. Tuzo ya Fresnel ya Chama cha Fizikia cha Ulaya huangalia kazi iliyofanywa kabla ya kutimiza umri wa miaka 35.

Jina la Fresnel lenyewe lina funzo. Augustin Fresnel alikuwa mhandisi wa barabara nchini Ufaransa. Mnamo 1818, akiwa na miaka 30, aliwasilisha kwa Akademia ya Sayansi ya Paris maelezo kwamba nuru husafiri kama mawimbi. Siméon Poisson, mmoja wa waamuzi, alipinga akisema kwamba kwa nadharia hiyo, katikati ya kivuli cha kisahani cha duara pangetokea doa la mwangaza. Jaribio lilipofanywa, doa likaonekana, na Fresnel akapewa tuzo mwaka wa 1819. Aliaga dunia mwaka wa 1827 akiwa na miaka 39. Angalisubiri uzeeni, asingalituzwa.

Kwa mtafiti ambaye bado anatafuta ajira ya kudumu, wanafunzi na fedha za maabara, tuzo huwa ushahidi kwamba kazi yake imepimwa na mabingwa. Ngojangoja huumiza matumbo.

Hata hivyo, kikomo cha umri kinaweza kumfungia nje aliyechelewa kuanza masomo, aliyelea watoto au anayefanya kazi mahali pasipo na vifaa.

Kwa watafiti wa mataifa yanayostawi, yakiwemo ya Afrika, ipo Tuzo ya Gallieno Denardo. Hutolewa na Tume ya Kimataifa ya Optiki pamoja na kituo cha kimataifa cha fizikia cha ICTP, kilichoanzishwa mjini Trieste, Italia, mwaka wa 1964. Mshindi huwa hajatimiza miaka 40, na hupimwa pia kwa mchango wake katika kukuza utafiti wa nuru kwao au katika nchi nyingine inayostawi. Hapo kinachotuzwa si ugunduzi pekee, bali pia juhudi za kuwafungulia wengine mlango.